Mwalimu Aliyefundisha Kusikia kwa Simu

Alikuwa akishika bisibisi ndefu, ncha anaiweka juu ya kompresa ya friji, mpini anaubana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Ukiingia karakanani wakati ule ukatoa salamu, hakuitikia. Akishafumbua macho ndipo alipokuita: "Mama Stoo, waalaikumu salaam. Niwie radhi, mwenzio huyu alikuwa anasema nami."

Mwenzangu huyo ni friji.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa chuo cha ufundi, upande wetu huu wa Msambweni. Natoa vifaa asubuhi, napokea jioni, nafagia kilichobaki. Shule yangu iliishia msingi. Yeye alikuwa mwalimu wa mafriji na mashine za baridi, na tulifanya kazi mlango kwa mlango kwa miaka mingi hata nikawa najua ni yeye anayekuja kwa jinsi alivyokohoa. Jina lake wanalo wanawe, nami nitawaachia.

Siku ya maziko watu walisema alikuwa mpole na mwenye subira. Nilinyamaza kwa sababu pale si mahali pa kubishana, lakini subira hakuwa nayo. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na mwaka wake wa mwisho alikuwa mtu aliyekata tamaa, akiishi kama aliyeangusha kitu kisimani na bado anaona kinang'aa. Alitaka darasa lake la mwisho lijue kuisikia mashine kabla yeye hajaondoka. Hakutaka lingine. Na alichopewa cha kufundishia ni simu.

Wanafunzi wake aliwafundisha kwa kuwashika vichwa. Anamwinamisha kijana, anamwekea mpini wa bisibisi nyuma ya sikio, anambana kidogo, anauliza, "Umesikia nini?"

"Kama nyuki, Mwalimu."

"Sikukuuliza kama nini. Humu hamna nyuki. Umesikia nini?"

"Kama… kama gari linapanda mlima."

"Basi nenda kwa fundi wa magari, mimi sina mlima."

Darasa zima linacheka, kijana anainama tena, na hapo ndipo anaposikiliza kweli. Anasema: kuna sauti moja, iko chini, haibadiliki, halafu kuna nyingine ndogo inagonga, inaacha, inagonga. Mwalimu anamwachia kichwa. "Haya. Sasa umeanza kusema ukweli." Hakupenda mifano. Alisema mtu akianza kufananisha ameshaacha kusikiliza. Nami nikiandika haya najizuia sana, kwa ajili yake, ingawa hapo juu nimeshateleza na kisima.

Nyumbani kwake hakuwa na friji. Watu walilicheka jambo hili kutoka Msambweni mpaka Ukunda. Alikuwa anakunywa maji ya mtungi, na samaki akiletewa alipikwa siku hiyohiyo au akapewa jirani. Nilimuuliza mara moja. Alisema, "Mama Stoo, mimi kutwa nasemeshwa. Nyumbani nataka kunyamaziwa." Mkewe alikuwa hai bado, akadakia kutoka jikoni, "Anyamaziwe yeye! Mimi je, nani amenyamaziwa na yeye ndani ya nyumba hii?" Maana Mwalimu alikuwa msemaji kupita kiasi. Mtu aliyehubiri kusikiliza, lakini ukikaa naye barazani hupati nafasi hata ya kuaga.

Wala usidhani alikuwa anapatia kila mara. Hoteli moja ya Diani ilimtumia gari, chumba chao cha baridi kimekufa na ndani mna samaki wa harusi. Nilikwenda naye kumbebea vifaa. Alivyofika aliamuru wapishi wote wanyamaze, na meneja akavua viatu kwa sababu vililia kwenye vigae. Mkubwa mzima, na soksi zake, amesimama kama mwana wa chuoni anayengoja kuadhibiwa. Mwalimu akasikiliza, akafumbua macho, akasema kompresa imekwisha. Wakaagiza nyingine kutoka Mombasa. Ilipofika ikafungwa, na ile sauti ikabaki palepale. Lilikuwa pangaboi la ndani, limepinda, linakwaruza barafu. Samaki waliharibika. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya darasa, akalieleza kosa lake lote, tangu viatu vya meneja mpaka harufu, akamaliza kwa kusema, "Nilisikia nilichokuja nacho kichwani. Msinifuate hapo."

Ndiyo maana nilimheshimu.

Simu alizichukia. Mlangoni mwa karakana aliweka ndoo ya bluu, kila anayeingia anatumbukiza simu yake humo. Mimi ndiye nilikuwa mlinzi wa ndoo. Simu zinalia mle ndani, zinatetemeka zikigongana, na yeye anapaza sauti, "Mama Stoo, waambie waliomo kwenye ndoo wapunguze maneno!"

Kisha chuo kikatangaza kwamba wanafunzi wanaotoka mbali watasomea majumbani mwao kwa simu, waje chuoni siku za mtihani wa vitendo tu. Sababu zilikuwa za haki. Mabweni hayakuwepo, na vyumba vya kupanga vilikuwa vimewashinda wengi. Darasa lake lilikuwa karibu lote la watu wa mbali. Nitawataja wawili tu. Nyamvula alitoka Taru, kule juu kwenye barabara kuu, binti wa wafuga mbuzi aliyekuwa akimsaidia mama mmoja mwenye duka la soda. Hamisi alitoka Bodo, kwao wavuvi, na shida yao kubwa ilikuwa samaki kuoza kabla hawajafika sokoni. Kila mmoja alijua ufundi huu anautakia nini.

Mkuu wa chuo alimwita Mwalimu akamwambia wazi: wasipofaulu hawa, somo litafungwa. Yeye ndiye alikuwa mwalimu pekee, umri umekwenda, na figo zilikuwa zimeanza kumsumbua, anakwenda hospitali kusafishwa damu na kurudi amekauka midomo. Alitoka ofisini akaja moja kwa moja stoo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nipe simu yako."

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kufundishia. Yangu ni ya tochi."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa mshika simu. Chuoni kulikuwa na mwalimu wa kompyuta, binti wa bara tuliyemwita Madam, akaja akatufungulia darasa la kwenye simu, akatuonyesha pa kubonyeza, akakimbilia kazi zake nyingine. Mimi nasimama naye ana kwa ana, nimenyoosha mkono mpaka unakufa ganzi. Yeye anafundisha vilevile kama siku zote. Anawasha kompresa mezani, anaweka bisibisi, anafumba macho, anaeleza. Kisha anasogea karibu na simu, karibu mno, wao nadhani walikuwa wanaona pua tu, anauliza kwa sauti kubwa:

"Mnasikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mmesikia inavyogonga?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu. Ahsante, Mwalimu."

Wote kwa pamoja, kwa adabu. Alikuwa akizima mashine anapangusa jasho, ananiambia, "Wallahi hawa ni wazuri kuliko waliokuwa hapa. Hawa hawanibishii." Akawa na furaha. Nilimwona akinunua bando kwa fedha yake, akanyoa ndevu, akavaa shati la pasi kwa ajili ya watu waliokuwa wanaona pua. Hata ile ndoo ya bluu aliitoa mlangoni akanipa nikafanyie usafi.

Siku ya mtihani walikuja wote. Mtahini aliweka mafriji mawili, yote yanawaka, akasema kompresa moja inakufa, semeni ni ipi. Nilikuwa mlangoni na kitambaa mkononi. Nyamvula aliinama na bisibisi, akakaa, akasimama, akaonyesha friji isiyo mbovu. Hamisi akaonyesha hiyohiyo. Nadhani alimfuata Nyamvula. Waliobaki wakawafuata wao. Kila aliyepita alionyesha nzima. Mimi mtu wa stoo, niliyesimama karibu na mashine zile miaka yote, niliisikia inayokufa kutoka mlangoni.

Mwalimu hakuruhusiwa kusema kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameishika bisibisi yake kwa mikono miwili, anawatazama mmoja mmoja wanavyoanguka.

Mtahini alipoondoka, aliwakusanya kivulini upande wa nyuma wa karakana. Nilitarajia matusi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mmenifanya nini? Nimewasikilizisha sauti ile muhula mzima. Kila siku nawauliza mnasikia, mnaniambia ndiyo. Nyamvula, wewe mwanangu, huongopi. Nieleze."

Nyamvula alikuwa analia. Alisema, "Mwalimu, kwenye simu hatukuwahi kusikia mashine hata siku moja. Ukiiwasha, panakuwa kimya. Tunakuona unafumba macho tu. Sauti yako nayo inakatika, halafu inarudi unauliza kama tunasikia."

"Na mnajibu ndiyo!"

Hamisi ndiye aliyejibu, anatazama chini. "Sasa Mwalimu, wewe ni mzee wetu. Umesimama pale unaumwa, unatoka jasho. Nani atakwambia hatusikii? Kwetu mtu hamwambii mzazi wake hivyo."

Kila mmoja alidhani ni simu yake mbovu, na kila mmoja aliona haya kumkatiza mzee. Mambo yetu ya pwani haya. Tunamkaribisha mtu chakula kisichokuwepo, tunaitikia "ndiyo" ili asisumbuke. Ni adabu tuliyolelewa nayo, na sijui kuishi bila yake. Lakini nilisimama pale nikaona imewanyang'anya watu hawa kitu ambacho wangekula nacho maisha yao yote.

Madam akaitwa. Alishika simu, akasoma soma, akasema, "Ai, Mzee, pole. Hii app inafikiri hiyo mota ni kelele, so inaikata. Inaacha tu voice ya mtu."

"Inafikiri?"

"Eeh. Sauti yoyote inaenda tu moja bila kubadilika, inaitoa."

"Nani aliyeipa ruhusa ya kufikiri?"

Hakuna aliyecheka. Akaomba simu ya Madam, akatoka nayo uani mpaka kwenye ukuta, akanipungia mkono. Mimi nikabaki ndani na simu yangu, nikaiwasha kompresa. Nilimwona dirishani ameibana simu sikioni, halafu akaibadilisha sikio, halafu akaitazama. Humu ndani mashine inanguruma mpaka meza inatikisika. Kule uani, aliniambia baadaye, kilikuwa kimya cha kaburi. Ndio mfano pekee niliowahi kumsikia akitoa, na hakuuombea radhi.

Nikazima. Aliporudi alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. "Mama Stoo," alisema, "nimefundisha watu kumtazama mzee amefumba macho."

Mkuu aliwapa nafasi moja ya kurudia mtihani, mwisho wa muhula uliofuata.

Kutoka hapo nilimwona mtu mwingine. Simsifu, nasema nilichokiona. Mtu wa umri wake, na miguu imevimba, alikaa na binti wa bara anayeweza kuwa mjukuu wake akamwambia, "Nifundishe kama mimi ndiye sijui." Na alikuwa hajui. Madam alimwonyesha jinsi ya kuizuia ile programu isikate sauti. Alimwonyesha kurekodi sauti fupi na kuituma, ili asiye na mtandao mchana aipakue anapoupata. Lakini lililobaki Madam hakuwa nalo. Hilo alilitafuta mwenyewe, kwa hasira.

La kwanza, alipiga marufuku neno "ndiyo." Aliwaambia atakayelitamka darasani anatolewa. Hakuuliza tena "mnasikia." Alimwita mtu kwa jina, akauliza swali lake la siku zote: umesikia nini? Na asiyesikia alilazimika kusema hivyo, wazi, mbele ya wenzake. Ungeona walivyoteseka! Siku ya kwanza alimwita Hamisi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Mwalimu, kwa heshima zote, na unisamehe sana baba yangu, na Mwenyezi Mungu akupe afya na akuzidishie…"

"Hamisi."

"…sisikii."

"Toa hizo heshima zote zilizo mbele yake. Baki na sisikii."

"Sisikii."

"Ahsante. Sasa tunaanza kazi."

Nilicheka mpaka simu ikatikisika, na wanafunzi wakalalamika kwamba picha inacheza. Walilalamika! Ilimfurahisha kuliko kitu chochote. "Umesikia, Mama Stoo? Wanalalamika."

La pili, aligeuza darasa. Aliacha kuwaonyesha mikono yake, akataka kuona yao. Kila mmoja atafute friji popote, dukani, kwa jirani, kwenye bucha, airekodi sauti yake, aitume, na aseme amesikia nini kabla Mwalimu hajasema neno. Zikaanza kuingia kwenye simu yangu: mafriji ya Taru, ya Bodo, ya Tiwi, yenye redio nyuma, yenye watoto, yenye mbuzi. Tulikaa stoo tukisikiliza, yeye amebana simu kwenye mfupa wake, mimi naandika majina. Akarudisha majibu mafupi. "Nyamvula, umesema ukweli." "Hamisi, hapo umebahatisha, rudia." Aliniambia jambo ambalo sikulitarajia kwa msemaji yule: kwamba miaka yote alipokuwa nao chumbani hakujua kama anafundisha au anasema tu, kwa sababu mkono wake ulikuwa vichwani mwao na ndio uliofanya kazi. Simu imemnyang'anya mkono. Sasa lazima aulize, halafu anyamaze. "Na kunyamaza, Mama Stoo, sikujifunza mahali popote."

Ningependa niishie hapo. Lakini haikwenda hivyo.

Wanafunzi walianza kupungua. Mmoja simu yake ilivunjika, mwingine akapata kazi ya kubeba mizigo Ukunda, mwingine alinyamaza tu na namba yake haikupatikana tena. Mwalimu alikuwa akiita majina ya darasa zima kila siku, hata ya walioondoka, anangoja kidogo, anaendelea. Yale majina yasiyoitikiwa yaliniumiza masikio. Figo nazo zikazidi. Akaingia hospitali, akatoka, akaingia tena na homa kali, akachomwa dawa za kila namna. Alipotoka, masikio yalikuwa yamepungua. Mwanawe wa kike alisema daktari alieleza kwamba dawa nyingine huwa na hatari hiyo, na wakati ule ilikuwa lazima wachague. Nami naamini walichagua vyema. Walimrudisha hai.

Na kabla muhula haujaisha, chuo kikafunga somo lake. Mkuu alisema hakuna mwalimu, na hakuna darasa. Mtihani wa kurudia haukufanyika. Kompresa za mezani zilirudishwa stoo kwangu, nikazifunika kwa turubai.

Nilidhani habari hiyo itammaliza siku ileile. Aliponiona nimeingia kwao na uso umenishuka, alisema, "Najua. Washa simu."

"Mwalimu, wamefunga."

"Wamefunga cheti. Nyamvula ameshatuma ya leo?"

Aliendelea kitandani. Mwanawe alikasirika na mimi akapaza sauti, na alikuwa na haki. "Mama, huyu anakufa, mwacheni apumzike." Nikasema nitaacha kuja. Mzee akasema kutoka ndani, "Asipokuja yeye, mtanishikia simu nyinyi, na nyinyi hamjui kunyamaza." Basi nikaendelea kwenda, baada ya swala ya alasiri, na mwanawe akawa ananiwekea chai bila kusema neno.

Hamisi alijitahidi mpaka akashindwa. Alipiga mwenyewe, hakutuma ujumbe, akasema, "Mwalimu, narudi baharini. Sina tena bando, na nyumbani wananitazama. Nakwambia ukweli kama ulivyotufunza." Mwalimu alinitazama nimwambie kilichosemwa. Nikainama sikioni nikamwambia lote. Akasema nimjibu: ukweli umepokewa. Akageukia ukutani, na siku ile hatukufungua kitu kingine.

Akabaki Nyamvula.

Siku ninayotaka kumalizia nayo, Nyamvula alipiga simu ya picha kutoka kwa yule mama wa duka, Taru. Friji ya soda ilikuwa imekataa kuwaka, na mama yule alikuwa amekwisha mwita fundi wa mjini aje abadilishe kompresa. Nyamvula alimwomba angoje. Nilimwona kwenye kioo cha simu, kitambaa kichwani, vumbi usoni, na nyuma yake mama wa duka amejishika kiuno akisema, "Huyo mwalimu wenu wa simu aseme upesi, maziwa yangu yanachacha."

Nyamvula akaisogeza simu nyuma ya friji, akachomeka waya. Mimi nilisikia. Mwalimu alinyoosha mkono nikampa simu. Akaibana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akaibadilisha upande. Kisha akaniashiria bisibisi, ilikuwa dirishani. Akaweka ncha yake mgongoni mwa simu na mpini nyuma ya sikio, kama alivyofanya kwa mashine elfu, akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Nyamvula alikuwa anauliza, "Mwalimu? Umesikia nini?"

Alifumbua macho. Aliitazama simu, akanitazama mimi. Ningemsamehe kama angesema chochote. Angeweza kubahatisha, angeweza kusema ndiyo.

"Sisikii, Nyamvula," alisema.

Nilidhani binti atalia, au atasema pole, au atatuombea dua na kukata. Alivuta pumzi, nikaisikia, kisha akasema polepole, kwa sauti ya darasani, "Basi mimi nitasema. Mama Stoo, mwambie. Nikichomeka, inanguruma chini, muda mfupi. Halafu kinagonga kitu kimoja kidogo, kikavu, inazima. Kimya. Halafu inajaribu tena vilevile. Mngurumo wenyewe ni safi. Hakuna kinachokwaruza ndani."

Nilimwambia sikioni neno kwa neno.

"Basi ni nini?" aliuliza.

Nikalipeleka swali. Nyamvula akasema, "Kompresa ni nzima. Kinachokufa ni kiwashio chake. Nyuma ya duka kuna friji iliyokufa, naweza kutoa cha ile."

Nilimwambia. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. "Asinitazame mimi," alisema. "Achomoe umeme kwanza. Afanye."

Tukangoja. Kwenye kioo tuliona ukuta wa duka na ndoo. Tulisikia, yaani nilisikia, mama wa duka akimwambia mtu, "Mwanamke anafungua friji, njoo uone." Kisha mikono ya Nyamvula ikapita mbele ya kioo, myeusi kwa vumbi la mafuta, inachomeka waya.

Nikasikia. Nikapiga kelele sikioni mwake, "Imewaka, Mwalimu! Imewaka!"

Alinishika mkono, vidole havina nyama. "Usiniambie imewaka. Umesikia nini?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza mimi. Nikaiweka simu nyuma ya sikio langu, nikafumba macho. Mama wa duka alikuwa anacheka, Nyamvula alikuwa anamwomba anyamaze, na chini yao ilikuwepo. Nilitaka kusema kama nini, nikajizuia.

"Sauti moja, Mwalimu. Iko chini. Haipandi wala haishuki."

"Inagonga?"

Nilisikiliza tena. "Haigongi."

Akalaza kichwa kwenye mto. Nyamvula alikuwa ananiuliza amesema nini. Mwalimu akafanya ishara ya mkono, nisikate. Basi nikakaa ukingoni mwa kitanda, simu imebanwa kwenye mfupa wangu, namsikilizia, na yeye ananitazama usoni aone kama nitabadilika, mpaka bando likaisha.